Udi si Adui, Lakini Fungua Dirisha

Kuna madaktari wenzangu ambao wakinusa udi kwenye nguo za mama aliyemleta mtoto mwenye pumu, humwamuru akatupe chetezo. Sikubaliani nao. Mama akiamriwa hivyo huenda nyumbani akaendelea kufukiza, na safari nyingine hamwambii daktari neno.

Jambo lenyewe ni la kale mno. Miaka ipatayo 3,500 iliyopita, Malkia Hatshepsut wa Misri alituma merikebu hadi nchi ya Punt kuleta ubani pamoja na miti yake, na safari hiyo ikachongwa kwenye kuta za hekalu lake huko Deir el-Bahri. Ubani ni utomvu wa mti unaochanjwa gome, matone yakaachwa yakauke. Hutoka Dhofar kule Oman, Somalia, Ethiopia na hata sehemu kame za kaskazini mwa Kenya. Udi ni mti wa Asia.

Huku Pwani, harusi bila udi haijawa harusi. Mzazi hufukizwa katika siku zake arobaini. Eastleigh, Wasomali huchoma uunsi nyumbani, na kanisani padri naye huzungusha chetezo. Hata pesa anazopewa mfiwa tunaziita ubani! Kitu kilichoshika mizizi namna hii hakiondolewi kwa amri ya daktari, na kwa kweli sioni kwa nini kiondolewe. Mimi mwenyewe naipenda harufu yake.

Hata hivyo, moshi ni moshi. Gramu moja ya udi wa vijiti ikiungua hutoa chembechembe ndogo zipatazo miligramu 45, ilhali tumbaku ya sigara hutoa kama 10. Makaa ya chetezo nayo hutoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu waliolala na jiko ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu watoto wa Oman ulionyesha kwamba moshi wa udi huamsha pumu kwa mtoto ambaye tayari anayo, ingawa haukuonekana kuongeza idadi ya wenye pumu. Tofauti hiyo ni kubwa, na wazazi wanastahili kuelezwa.

Mabibi zetu wa Lamu walifukiza katika nyumba za mawe zenye dari za juu na ua wa ndani, kiwanda, ulio wazi kwa mbingu. Moshi ulikuwa na pa kupitia. Leo desturi ile ile imehamia chumba kimoja cha kupanga mjini, dirisha limefungwa kwa kuogopa baridi na wezi, na mtoto wa wiki mbili amelala hatua mbili kutoka kwenye makaa. Desturi haikubadilika, nyumba ndiyo iliyobadilika.

Kwa hiyo, mama, fukiza nguo na chumba mtoto akiwa kwa jirani. Fungua mlango na dirisha, ngoja moshi uishe kabisa, toa makaa nje, ndipo umrudishe. Harufu itabaki kwenye kanga, nayo yatosha. Mwenye pumu akae mbali na chetezo hata siku ya harusi ya dadake, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Na mtoto anayehema kwa kasi huku mbavu zikiingia ndani apelekwe hospitali usiku huo huo.