Wanaikimbia Chanjo, Wanakutana na Rubela

Kuanzia Gilgil hadi Molo uzushi ni uleule: chanjo ya ukambi na rubela huleta usonji. Wasomaji wa safu hii wanajua nisivyopatana na madaktari wa WhatsApp, kwa hiyo sitawatafutia maneno laini: wamelipindua jambo juu chini. Virusi vilivyohusishwa na usonji kwa ushahidi wa zaidi ya nusu karne ni rubela yenyewe, inapompata mama mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya mlipuko wa 1964 Marekani, daktari Stella Chess aliwachunguza watoto 243 wa New York walioambukizwa wakiwa tumboni. Mwaka 1971 aliripoti kuwa 10 walikuwa na usonji kamili na 8 walikuwa na baadhi ya dalili, enzi ambazo usonji ulikadiriwa kwa watoto wanne au watano katika kila 10,000.

Watabisha: mbona mtoto alikuwa sawa, akadungwa, kisha akaacha kuongea? Hapa Kenya dozi ni za miezi 9 na 18, umri uleule ambao dalili za usonji huanza kuonekana. Jogoo awike asiwike, kutakucha. Denmark iliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000, na mwaka 2019 ikaonekana kwamba waliopata chanjo ya ukambi, rubela na matumbwitumbwi hawakuwazidi wenzao kwa usonji. Je, homa yoyote ya mjamzito ni balaa? La. Watafiti wa Sweden walipolinganisha ndugu wa mama mmoja, mwaka 2022, uhusiano kati ya maambukizi ya mama na usonji ulififia. Mama mkwe anayemsuta mkaza mwanawe kwa mafua ya mwezi wa tano anyamaze.

Kampeni ya kitaifa ya kuchanja ukambi na rubela hapa Kenya, Mei 2016, ililenga watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Waliozidi umri huo wakarukwa, na leo ndio wanaojaza kliniki za wajawazito. Wengi wao waliugua rubela utotoni wakapata kinga, ila si wote, na mjamzito hapewi chanjo hii. Ngao yake ni watoto wa jirani waliochanjwa. Jamii ikichanja nusunusu, virusi hupungua kasi na kumkuta msichana akiwa tayari amefika umri wa kuzaa. Kwa hiyo anayemfungia mwanawe chumbani wahudumu wa chanjo wanapopita plotini, eti anaogopa usonji, anavitunzia virusi njia ya kumfikia mjamzito wa mlango wa pili.