Kitatange Mdogo, Samaki Mwenye Haya

Miongoni mwa mapambo ya nyumbani yavutayo macho ya wageni na watoto, ni machache yawezayo kushindana na tangi la kioo lenye samaki wa baharini. Hata hivyo, samaki si zulia wala picha ya ukutani. Ni kiumbe mwenye uhai, na yeyote amletaye Kigali, mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, amejitwika dhamana ya kumjengea bahari ndogo sebuleni.

Samaki azungumzwaye juma hili ni kitatange mdogo, ambaye wataalamu humwita Centropyge acanthops, na ambaye alielezwa kisayansi mwaka 1922. Si mgeni katika Afrika Mashariki, kwani maskani yake ni Bahari ya Hindi, tangu Somalia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Afrika Kusini. Urefu wake ni kama sentimita 8 tu. Kichwa na mgongo ni vya rangi ya machungwa, ubavu ni wa buluu iliyoiva, na mkia ni wa manjano hafifu. Shavuni ana mwiba, na kwa sababu hiyo yafaa ahamishwe kwa bakuli badala ya wavu, asije akanasa na kujeruhiwa.

Wengi wamnunuao hulalamika kwamba hawamwoni, kwa maana hushinda amejificha. Wengine huamua kuondoa mawe ili samaki asiwe na pa kukimbilia. La hasha! Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Huko baharini kitatange mdogo huishi kati ya vipande vya matumbawe yaliyovunjika, wala hathubutu kwenda mbali na tundu lake, kwa kuwa samaki wakubwa humwinda. Haya yake ndiyo ngao yake. Apewapo mapango mengi, yenye mlango wa kuingilia na wa kutokea, hupata moyo na kutembea mchana kutwa. Anyimwapo maficho hujibanza pembeni, huacha kula, na hatimaye hufa.

Kwa hiyo nyumba hutangulia, mgeni hufuata. Tangi lisipungue lita 200. Kila lita ya maji huhitaji kiasi cha gramu 35 za chumvi maalumu ya bahari, yaani kilo 7 kwa tangi zima. Chumvi ya jikoni haifai. Maji ya bomba hutiwa klorini, hivyo ni lazima yasafishwe kwanza kwa mtambo wa kuchuja. Ikumbukwe pia kwamba maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 200, bila kuhesabu mawe na kioo. Meza ya kawaida haiwezi kuyahimili.

Baada ya hapo huhitajika subira. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria waotao katika mawe huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huchukua majuma manne hadi manane kuenea. Kwa kitatange, yafaa kungoja miezi kadhaa zaidi, mpaka mawe yaote mwani ambao ndio chakula chake cha kila siku. Ajazaye tangi Jumamosi na kutia samaki Jumapili, kwa kawaida humzika kabla ya mwezi kwisha.

Kigali ina masharti yake. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Maji hushika oksijeni pungufu kwa takribani sehemu moja katika sita yakilinganishwa na ya Mombasa. Hivyo pampu haina budi kuyatikisa maji ya juu usiku na mchana. Tena usiku wa Kigali ni wa baridi, ilhali samaki huyu hutaka joto la nyuzi 24 hadi 27. Kipasha joto na kipimajoto ni vya lazima. Umeme ukatikapo, pampu ndogo ya hewa itumiayo betri huokoa maisha.

Samaki awasilipo, kwanza atengwe katika tangi dogo kwa majuma matatu au manne ili achunguzwe maradhi. Siku ya kuingizwa tangini, taa zizimwe na watoto wakanywe kugonga kioo. Aingie kabla ya samaki wakorofi, wala wasiwekwe madume wawili pamoja, kwani watapigana. Alishwe mwani uliokaushwa na vipande vidogo vya kamba, kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Mwenye matumbawe hai ajue kwamba kitatange huweza kuyadonoa. Ajue pia kwamba matumbawe magumu yamo katika orodha ya Mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa.

Jambo la mwisho lahusu hasa jamaa za askari na polisi. Baba au mama huweza kuitwa kazini usiku, au kupelekwa ng'ambo kulinda amani kwa miezi mingi. Samaki hawezi kungoja. Yapasa basi kazi zifahamike kwa nyumba nzima na ziandikwe karibu na tangi: joto litazamwe asubuhi na jioni; maji yaliyopungua kwa mvuke yaongezwe kwa maji safi yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipandi na mvuke; na kila juma lita 20 zibadilishwe kwa maji mapya ya chumvi yenye joto lile lile. Mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kuyafanya haya chini ya uangalizi wa mkubwa.

Ikiwa hakuna atakayebaki na wajibu huo, ni heri kitatange aachwe baharini kwake. Familia yaweza kuanza na samaki wa maji baridi, ambao hawahitaji chumvi na ambao gharama zao ni nafuu. Lakini penye mwangalizi na subira, samaki huyu mwenye haya huishi miaka kadhaa, na siku moja hutoka mwenyewe pangoni kumlaki amletaye chakula.