Kura ya Darasani na Kura ya Taifa

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliopita tulipata nafasi ya kuketi nyuma ya madarasa mengi ya uraia, daftari la tathmini likiwa magotini. Mada ilikuwa uchaguzi. Karibu kila mahali tuliyoyakuta yalikuwa yale yale: mwalimu ameandika ubaoni aina za uchaguzi, wanafunzi wamezinakili, kisha linakuja swali la kuhitimisha somo, "Taja aina za uchaguzi." Mikono hunyooshwa, majibu huwa sahihi, na kengele hulia.

Darasa moja tu lilikuwa tofauti, nalo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Mwanachuo mmoja aliwaachia wanafunzi wa Darasa la 5 wamchague kiranja wao kwa kura ya siri. Boksi la sabuni lilitobolewa juu likawa sanduku. Wagombea 3 walijieleza, karatasi zikapigwa kura nyuma ya kabati, na hesabu ikafanywa hadharani mbele ya mawakala. Alishinda msichana mmoja mpole. Tulimpa mwanachuo yule alama za juu, na hata leo tunaamini alizistahili. Tuliporudi baada ya wiki moja tulimkuta mvulana mwingine akiandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu wa darasa alikuwa amembadilisha yule msichana kwa sababu, alivyotueleza, "hana sauti." Wanafunzi hawakulalamika, wala hawakushangaa. Nasi, kwa kuwa tulijiona wageni, hatukusema neno. Tulitia sahihi kitabu cha wageni tukaondoka.

Tangu siku ile tumejiuliza watoto wale walifundishwa nini hasa. Kwa maoni yetu walifundishwa masomo mawili. La kwanza lilikuwa kwenye andalio la somo, na watalisahau baada ya mtihani. La pili, kwamba kura hupigwa na mkubwa huamua, halikuandikwa popote, nalo watakwenda nalo nyumbani.

Hatusemi kwamba aina za uchaguzi zisifundishwe. Zifundishwe, lakini kwa kuuliza kila aina inaamua jambo gani katika maisha ya mtoto. Katika uchaguzi mkuu, unaofanyika kila baada ya miaka 5, mpiga kura wa Tanzania Bara hupewa karatasi 3: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Mwenzake wa Zanzibar hupiga kura 5, kwa kuwa humchagua pia Rais wa Zanzibar na mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Uchaguzi mdogo hujaza kiti kilichobaki wazi kabla ya muda wake, na hauhitaji maneno mengi.

Unaohitaji maneno mengi ni ule ambao walimu wengi huupitia mbiombio, yaani uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao tangu 1994 umekuwa ukitangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja. Huu ndio unaotupatia mwenyekiti wa kijiji, wa kitongoji na wa mtaa pamoja na wajumbe wao. Mtoto wa kijijini hamjui mbunge kwa sura, lakini mwenyekiti wa kitongoji anamwona kila siku akipita na baiskeli. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Shamba la baba yake mtoto huyo, mpaka wa malisho, na kiwanja ambacho mgeni anakitaka, vyote hupita mikononi mwa watu hao. Halafu tunawafundisha watoto kwamba huo ni uchaguzi "mdogo" kwa maana ya usio na uzito! Tumewasikia hata walimu wenye vyeti vyao wakisema wana kadi ya mpiga kura na hiyo yatosha, bila kujua kwamba kwa uchaguzi huu mtu huandikishwa upya katika kitongoji au mtaa anamoishi.

Lugha nayo hututega. Tunaposema "kura ya maoni" tuna maana ya wananchi wote kuulizwa swali moja, kama walivyoulizwa Wazanzibari tarehe 31 Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, ambapo karibu thuluthi mbili walikubali. Lakini mtoto amesikia redioni "kura za maoni" zikitajwa kwa maana ya wanachama wa chama kumteua mgombea wao. Mwalimu asipotenganisha mambo haya mapema, darasa zima litachanganyikiwa, na kosa halitakuwa la darasa.

Ama kuhusu kwa nini kura ina thamani, tunawaomba wanachuo mwache nasaha na mchukue historia. Wasimulieni watoto kura tatu ya Tanganyika ya 1958 na 1959. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ingawa Waafrika walikuwa ndio karibu wananchi wote. Ili kuandikishwa ilimpasa mtu awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amesoma hadi darasa la 8, au awe na cheo fulani kilichotambuliwa na serikali. TANU ilibishana vikali Tabora mnamo Januari 1958 kama ishiriki au isusie, ikaamua kushiriki. Sasa waulize wanafunzi: nani katika babu na bibi zako angeandikishwa? Tumeona mwalimu akiuliza swali hili na darasa likanyamaza, kisha mtoto mmoja akasema, "Kwetu hakuna hata mmoja." Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kueleza haki ya kupiga kura ni nini.

Kwa somo la hisabati hakuna mfano ulio bora kuliko Zanzibar ya Januari 1961. Viti vilikuwa 22. ASP ilipata 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Na kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa kura moja tu. Wajumbe wa ZPPP wakagawanyika, 2 wakaenda ZNP na 1 akaenda ASP. Watoto wajumlishe wenyewe: 11 kwa 11. Serikali ya kudumu haikuweza kuundwa, uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo, na ghasia zake zikaua watu. Katika uchaguzi wa 1963 ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. Mtoto wa Darasa la 6 atauliza inawezekanaje, na hapo ndipo mwalimu atakapochora majimbo ubaoni na kuonyesha kwamba mahali mpaka unapopita pana uzito sawa na karatasi yenyewe.

Tusisahau pia 1965, uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya chama kimoja, ambapo alama za jembe na nyumba ziliwasaidia wasiojua kusoma. Chama kilikuwa kimoja, lakini wapiga kura walimwangusha Waziri wa Fedha, Paul Bomani.

Watoto watauliza pia maswali ambayo hayamo kitabuni. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa, vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa, na mahali pengi sana hapakupigwa kura yoyote. Wagombea walipita bila kupingwa. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 uliandamana na ghasia na vifo. Mtoto aliyeyaona hayo akiuliza "Mwalimu, kura ina maana gani basi?" hatumshauri mwanachuo amkemee, wala asimjibu kwa maneno ya chama chochote. Aeleze sheria inasema nini na lililotokea ni lipi, akiri kwamba kati ya hayo mawili pana umbali, na amwachie mtoto aupime. Mwalimu anayeficha umbali huo hupoteza imani ya darasa lake, na imani hiyo hairudi upesi.

Wapo wenzetu wanaotuambia kwamba watoto wakiachiwa watamchagua mchekeshaji. Huenda. Watu wazima nao wamewahi. Dawa yake ni kuweka sifa za ugombea kabla ya kura na kupanga muda mfupi wa uongozi, tuseme muhula mmoja, ili kosa lisahihishwe kwa kura nyingine. Tena kura iwe ya karatasi. Kunyoosha mikono huwafanya watoto watazame mkono wa rafiki, au uso wa mwalimu. Kenya ilijaribu mwaka 1988 kuwapanga wapiga kura milolongo nyuma ya wagombea katika uteuzi wa chama cha KANU, na malalamiko yaliyofuata yalifanya utaratibu huo uachwe.

Na kama mwalimu anaona hawezi kabisa kukubali kiranja asiyemchagua yeye, basi asipige kura. Awaambie watoto waziwazi: "Kiranja nimemteua mimi, kwa sababu hizi." Uteuzi wa wazi hauna aibu.

Katika mazoezi yajayo tutaomba jambo moja zaidi ya andalio na zana. Kabla mwanachuo hajaleta sanduku darasani, aketi na mwalimu wa darasa na amuulize kama atamkubali yeyote atakayeshinda, hata akiwa hana sauti. Akijibiwa hapana, sanduku libaki ofisini, na kipindi hicho afundishe kura tatu ya 1958. Nasi tutakaporudi baada ya wiki moja, kabla ya kutia sahihi kitabu cha wageni, tutauliza kiranja ni nani.