Magoli Yasitupofushe
Kuteua kikosi cha nyota wa nyakati zote wa hoki ya barafuni, kila mtu akichagua kwa zamu na aliyechukuliwa harudi tena, kuna mtego wake: magoli hupofusha. Mwenye zamu ya kwanza humkimbilia Wayne Gretzky, na simlaumu. Mabao 894 katika ligi ya NHL si haba. Ila kikosi ninachokipima wiki hii kimeanza na Bobby Orr, nami nakiunga mkono kwa moyo wote. Orr alikuwa beki, na bado aliongoza ligi nzima kwa pointi, 1970 na tena 1975. Zamu moja, watu wawili. Golini yupo Dominik Hašek, na hapo sina neno. Mkumbuke Nagano 1998, nusu fainali ya Olimpiki: Kanada wanapiga penalti tano, naye anajikunja, anajitupa chali, anarusha mguu, na hata moja haiingii. Tatizo liko mbele. Lemieux, Bossy, Brett Hull, wote wafungaji! Mwenzao akitolewa dakika mbili kwa faulo, timu ikabaki pungufu, nani atakaba? Mimi ningemwacha Hull na mabao yake 741, nikamchukua Bob Gainey, aliyetwaa tuzo ya mshambuliaji bora wa kukaba mara nne mfululizo tangu ilipoanza kutolewa 1978. Tena mtu kama yeye hupatikana hata zamu za mwisho, wengine wakiwa bado wanahesabu magoli.