Chupa tupu ya mama: iuzwe au ibaki?

Wiki hii nimepokea ujumbe wa mama wa watoto watatu, mkazi wa Magomeni Mikumi. Nimeufupisha kidogo:

"Shikamoo anti. Mama yetu alifariki mwaka jana. Kwenye sanduku lake tumekuta chupa ya pafyumu iliyoandikwa Shalimar, Guerlain, Paris, pamoja na boksi lake. Aliletewa zamani na mjomba wetu aliyekuwa baharia, ambaye sasa ni mzee. Mama alikuwa anajipaka siku za Idi tu, na yamebaki matone machache. Kaka yetu mkubwa amepata mtu Kariakoo anayenunua chupa tupu na maboksi yake. Mdogo wetu analia, anasema chupa ya mama haiendi popote. Mimi niko katikati. Nifanye nini?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Kabla ya kusema nani ana haki, tuijue kwanza hiyo chupa.

Guerlain ni nyumba ya manukato iliyoanzishwa Paris mwaka 1828 na Pierre-François Pascal Guerlain. Kazi ilirithishwa ndani ya ukoo mmoja kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 1994 kampuni ilipouzwa kwa LVMH. Mwaka 1853 mzee huyo alimtengenezea manukato Eugénie, mke wa mfalme Napoleon III. Chupa yake ilipambwa kwa nyuki 69, kwa kuwa nyuki alikuwa alama ya ufalme ule. Chupa ya nyuki bado inatengenezwa mpaka leo.

Siku zile wauzaji wengi waliweka manukato kwenye chupa za kawaida, kama za dawa. Mteja aliweza kwenda na chupa yake akajaziwa. Mambo yalibadilika sana mwanzoni mwa karne ya 20, pale mfanyabiashara François Coty alipomwita fundi wa vioo na vito, René Lalique, amtengenezee chupa. Kuanzia hapo kila nyumba ikataka chupa yenye sura yake, ili mteja aitambue akiwa mbali, hata kabla hajanusa.

Shalimar iliuzwa mwaka 1925, mwaka ambao Paris ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo. Manukato yalitungwa na Jacques Guerlain, chupa ikachorwa na Raymond Guerlain na kutengenezwa na kiwanda cha kristali cha Baccarat. Jina limetoka kwenye bustani za Shalimar za wafalme wa Mughal kule Lahore, na umbo la chupa limeiga mabeseni ya chemchemi za bustani hizo. Kizibo chake ni cha buluu, kimefanana na kipepeo cha kupepelea jiko la mkaa. Kama chupa ya mama ina kizibo hicho, itazame vizuri.

Na msidhani kitu hicho ni cha Wazungu watupu. Ndani ya Shalimar mna vanila, na mna opoponaksi, utomvu wa jamii ya manemane ambao mti wake huota Somalia na mashariki ya Ethiopia. Langilangi, ua ambalo bibi zetu wa pwani wanalifunga kwenye kikuba pamoja na asumini, limo katika manukato mengi ya Ufaransa, ikiwemo Chanel No. 5 ya mwaka 1921. Comoro ndiyo iliyokuja kujulikana duniani kwa mafuta ya langilangi, na Guerlain wenyewe waliwahi kuwa na shamba la milangilangi kisiwani Mayotte. Maua huchumwa alfajiri, na inatakiwa takriban kilo 50 za maua kupata kilo 1 ya mafuta. Kwa hiyo mjomba alipoileta chupa ile, harufu nyingine za huku kwetu zilikuwa zinarudi nyumbani.

Sasa tumtazame mnunuzi wa Kariakoo. Jiulize, chupa tupu na boksi lake vya kazi gani? Anayekusanya vitu vya kale hununua chupa moja moja, huuliza ya mwaka gani na imetoka kwa nani. Anayenunua chupa tupu nyingi, tena anayesisitiza boksi liwepo, mara nyingi anataka kujaza kitu kingine na kuuza kama kipya.

Hapa kuna tofauti ambayo tusipoiona tutadanganyika. Mrashi wa bibi hujazwa upya kila harusi na hakuna anayedhulumiwa, kwa sababu mrashi haukumuahidi mtu chochote. Hata yale maduka ya Kariakoo yanayopima mafuta ya pafyumu kwa mililita na kukumiminia kwenye kichupa, unajua unachonunua. Chupa yenye jina ni ahadi: inasema kilichomo ndani kimetoka kwa fulani. Ndiyo maana kwa zile chupa zao za gharama, mafundi wa kike wa Guerlain hufunga shingo ya chupa kwa mkono, kwa utando mwembamba na uzi, ili manukato yasivuje na anayenunua ajue haijafunguliwa. Ukimuuzia mjazaji chupa ya mama, unampa jina la kudanganyia mama mwingine, ambaye pengine anamnunulia binti yake zawadi ya send-off.

Kwa hiyo jibu langu ni hili.

Kwanza, mali ya marehemu ni ya warithi wote, hata ikiwa kijiko. Kuwa mkubwa hakumpi mtu haki ya kuuza peke yake. Kama kuna msimamizi wa mirathi, suala lipitie kwake. Ila kaka naye asisemwe vibaya. Huenda ana shida ya fedha na anaona aibu kusema. Muulizeni kwa upole.

Pili, igeuzeni chupa mtazame chini. Zipo zenye alama ya Baccarat, na zipo zenye herufi HP za kiwanda cha Pochet et du Courval. Msiioshe, msisugue karatasi ya jina, msilazimishe kizibo. Kama mtaamua wote kuiuza, iuzeni kama kitu cha kale kwa mtu anayejua, na msikubali bei ya kwanza iliyotolewa kwa kutazama picha ya WhatsApp.

Tatu, mkiamua ibaki, iwekeni kabatini ndani ya boksi lake. Joto na mwanga wa Dar huharibu manukato upesi. Matone yaliyobaki msijipake, yanaweza kuwasha ngozi. Yanuseni tu.

Nne, mjomba yupo hai. Mfuateni na wajukuu, mumuulize aliinunua bandari gani na kwa nini alichagua ile. Mrekodini kwenye simu. Chupa inaweza kuvunjika au kuuzwa, na yeye ndiye anayejua habari zake.

Na kwa wazazi wengine wote: chupa tupu za pafyumu za kawaida, zitoeni vizibo na mvichane maboksi kabla ya kutupa. Msiweke ndani yake mafuta ya taa, jiki wala dawa yoyote, maana mtoto huvutiwa na chupa nzuri. Pafyumu yenyewe sehemu kubwa ni spiriti, na kwa mtoto mdogo inaweza kushusha sukari mwilini kwa haraka. Akinywa, msimlazimishe kutapika. Mkimbizeni kituo cha afya na chupa mkononi.

Mwanangu wa Mikumi, kaeni kikao nyote watatu kabla kaka hajaenda Kariakoo, mjomba akiwepo. Halafu uniandikie mlivyokubaliana.

Tukutane wiki ijayo.