Tuhesabu Kikosi, Tusihesabu Majina

Tangu Chui warudi kutoka Côte d'Ivoire, hakuna mada inayojadiliwa kitivoni kwetu kama kikosi cha taifa. Fonolojia haipati hata robo ya bidii hiyo. Kabla mwalimu hajaingia darasani, pande mbili zimekwisha kujipanga. Upande wa madirisha wanakaa wale wanaosema Kongo ina kikosi cha kutwaa kombe lolote barani Afrika, ila tumeonewa. Karibu na mlango wanakaa wale wanaosema hatuna kitu, tulibahatika kwenye penalti. Mimi nimekaa pande zote mbili kwa siku tofauti. Leo naandika kwa sababu nadhani pande zote mbili zinakosea kwa namna moja: zinahesabu majina, hazihesabu kikosi.

Nianze na wenzetu wa madirishani. Hoja yao huwa ni orodha. Mwanzoni mwa 2024 Yoane Wissa alikuwa anacheza Brentford, Uingereza. Chancel Mbemba, nahodha, alikuwa Marseille. Arthur Masuaku alikuwa Besiktas, Simon Banza alikuwa Braga, Silas Katompa alikuwa Stuttgart, na Cédric Bakambu alikwenda kwenye mashindano akiwa mchezaji wa Galatasaray. Orodha hiyo ikisomwa kwa sauti kubwa, kila jina likifuatiwa na jina la klabu ya Ulaya, msikilizaji anaona kombe liko mezani. Hapo ndipo mjadala unapokwisha. Anayeuliza swali anaambiwa hajui mpira.

Mimi niliuliza swali moja tu: je, majina hayo yalifanya nini? Hesabu yenyewe si ngumu. Chui walicheza mechi 7. Katika kundi walitoka sare zote tatu: 1-1 na Zambia, 1-1 na Moroko, 0-0 na Tanzania. Walivuka wakiwa na pointi 3, wa pili nyuma ya Moroko. Kisha wakatoka 1-1 na Misri baada ya dakika 120 na kushinda kwa penalti 8-7. Wakaifunga Guinea 3-1. Katika nusu fainali wakafungwa 1-0 na wenyeji, na katika kutafuta nafasi ya tatu wakatoka 0-0 na Afrika Kusini, wakashindwa kwa penalti 6-5.

Tuisome hesabu hiyo bila hasira. Katika mechi 7, ni moja tu tuliyoshinda kabla ya penalti. Tulifunga mabao 6, tukafungwa 5. Kati ya mabao hayo 6, mawili yalifungwa na mabeki: Mbemba na Masuaku, yote dhidi ya Guinea. Washambuliaji, ambao ndio majina marefu ya orodha ile, walifunga mabao 4 katika mechi 7: Wissa mawili, moja likiwa la penalti, Silas moja na Meschack Elia moja.

Sasa tutazame nyuma, ambako majina ni mafupi. Kipa wetu, Lionel Mpasi, wakati huo alikuwa anadakia Rodez, klabu ya daraja la pili nchini Ufaransa. Katikati ya ulinzi, bega kwa bega na Mbemba, alisimama Henoc Inonga, wakati huo mchezaji wa Simba ya Dar es Salaam. Hakuna mtu darasani aliyekuwa akiyataja majina hayo mawili kwa sauti kubwa mwezi wa 12. Lakini ulinzi huo ulifungwa mabao 5 tu katika mechi 7, dhidi ya timu zikiwamo Moroko, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022, na Côte d'Ivoire, waliokuja kutwaa kombe lenyewe. Na usiku ule wa Misri, penalti iliyotuvusha ilipigwa na Mpasi mwenyewe.

Kwa hiyo orodha ya majina ilitudanganya mara mbili: ilituambia tuna nguvu mahali tulipokuwa dhaifu, na haikutuambia kwamba tuna nguvu mahali tulipokuwa imara.

Mzee mmoja jirani yetu, ambaye kwake ndiko tulikoangalia mechi nyingi kwa sababu ana jenereta, alinisikiliza nikiisoma orodha ile siku ya kwanza ya mashindano. Akaniambia: "Mutoto yangu, jina haichezaka mupira." Nawaomba wahadhiri wetu wanisamehe kwa kuiacha sentensi hiyo katika Kiswahili cha Goma. Katika Kiswahili sanifu ningeandika "jina halichezi mpira", na ningepoteza kitu. Ile -aka inasema kwamba si leo tu, ni desturi: jina halijawahi kucheza na halina mazoea ya kucheza. Ni sarufi nzuri na ni uchambuzi mzuri wa mpira.

Niwageukie wenzetu wa mlangoni, wasije wakadhani nimekuja kukaa nao. Wao wanasema tulifika nusu fainali kwa bahati. Penalti ina bahati ndani yake, sikatai. Lakini kuizuia Misri dakika 120 si bahati. Achraf Hakimi alitufunga dakika ya 6 tu. Tukakosa penalti yetu wenyewe kabla ya mapumziko, na bado tukasawazisha. Timu ya bahati tupu huvunjika hapo. Tena mtu anayeita ushindi wa penalti bahati, aite pia kushindwa kwa penalti 6-5 na Afrika Kusini bahati mbaya. Mlangoni sijasikia hilo likisemwa. Wanahesabu bahati ya upande mmoja.

Upo mjadala wa tatu, mkali kuliko yote miwili, nao ni wa "wa ndani" na "wa nje". Wengine wanasema kikosi hiki si chetu, ni cha watoto waliozaliwa Ulaya waliokuja kutafuta jezi. Wanakumbusha kwamba kombe la 1974 lilichukuliwa na wachezaji wa nyumbani, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9 kule Misri, na mwaka uleule Zaire ikawa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Wanakumbusha pia kwamba CHAN, kombe la wachezaji wa ligi za nyumbani, tumelitwaa mara mbili, 2009 na 2016. Yote ni kweli. Ila wanasahau kuongeza kwamba katika Kombe la Dunia lile la 1974 tulifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, na 3-0 na Brazil.

Tena hesabu inakataa kuwapa haki. Yachukue mabao yale 6 ya Côte d'Ivoire na uulize wafungaji walizaliwa wapi. Mbemba, Silas na Elia walizaliwa Kinshasa: mabao matatu. Wissa na Masuaku walizaliwa Ufaransa: mabao matatu. Nusu kwa nusu. Ukiwaondoa wa nje, hatufiki nusu fainali. Ukiwaondoa wa ndani, hatufiki pia.

Nami nina sababu ya kumtaja Elia zaidi. Tarehe 7 Februari 2016, mjini Kigali, Chui waliifunga Mali 3-0 katika fainali ya CHAN, na Elia alifunga mabao mawili. Wakati huo alikuwa mchezaji wa ligi yetu ya nyumbani. Miaka minane baadaye ndiye aliyefunga lile bao la Misri, akiwa wakati huo mchezaji wa Young Boys ya Uswisi. Kwa hiyo "wa ndani" na "wa nje" si makabila mawili. Mara nyingi ni mtu yuleyule katika miaka tofauti. Anayetaka kujua kikosi cha 2032 kitakuwaje, asisome magazeti ya Ulaya peke yake. Aende akawaangalie vijana wanaocheza juu ya mawe ya Nyiragongo, peku, na aulize nani anawaandikisha, nani anawafundisha, na ligi yao inachezwa miezi mingapi kwa mwaka. Katika kikosi cha Côte d'Ivoire, wachezaji wa ligi yetu ya nyumbani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Huo ndio udhaifu ninaouogopa, na hauonekani kwenye orodha ya majina.

Nimeitaja tarehe 7 Februari. Siku hiyohiyo, mwaka 2024, ilichezwa nusu fainali yetu. Kila msomaji wa Goma anakumbuka alikuwa wapi. Sisi tulikuwa kwa yule mzee, na sebule ilikuwa imejaa kuliko siku nyingine, kwa sababu alikuwa amepokea familia iliyokimbia kutoka upande wa Sake. Watoto walikuwa wamelala kwenye mkeka chini ya televisheni. Ulipopigwa wimbo wa taifa, wachezaji wetu wote walifunika kinywa kwa mkono mmoja, na wa pili wakauelekeza kwenye kichwa kama bastola. Hakuna aliyesema neno sebuleni. Mama wa watoto wale alitazama, kisha akageuza uso.

Usiku ule sikuhesabu chochote. Hata bao la Haller sikulilia sana. Niliona vijana waliozaliwa Paris, Lille na Kinshasa wakiwa wametutaja sisi mbele ya dunia bila kusema, na anayeniambia kwamba wale si wetu hatanipata tena. Ninaiheshimu ishara ile, na nitaiheshimu daima.

Lakini tangu siku hiyo imekuwa vigumu kusema darasani kwamba safu yetu ya mbele ni butu. Ukisema, unaulizwa: "Wewe hukuona walichotufanyia?" Niliona. Ila ishara inajibu swali la kama wanatupenda. Haijibu swali la kama tuna mtu wa kufunga bao dakika ya 70. Ni maswali mawili, na tukiyachanganya tunawakosea hata wao, kwa sababu tunawadai kombe ambalo kikosi hakijaweza kulibeba, kisha tunawatukana wakishindwa.

Na sisi wa mji huu tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Goma, neno "kikosi" halina maana moja. Tumekua tukilisikia redioni asubuhi na jioni. Tumeona vikosi vya mataifa vikija, vya kanda vikija na kuondoka, vingine vikija tena kwa jina jipya. Kila mara tuliambiwa ni kikosi imara, na kila mara tulisomewa orodha: nchi fulani, idadi fulani, magari fulani. Tulipiga makofi kwa orodha. Wachache waliuliza kikosi hicho kitafanya nini, wapi, na nani atachukua nafasi kikichoka. Familia zilizokuwa zimejaa kwenye mahema ya Bulengo na Kanyaruchinya zinajua tofauti kati ya orodha na kikosi kuliko mchambuzi yeyote wa mpira. Sisemi kwamba mpira na vita ni kitu kimoja. Nasema kwamba tabia ya kuridhika na majina ni moja, na mtu anayeizoea kwenye mpira ataibeba hadi mahali inapoua.

Ataibeba pia hadi kwenye kazi zetu za darasani. Tunaandika "kama asemavyo profesa fulani", tukiweka majina matano makubwa katika ukurasa mmoja, na hoja yetu wenyewe haionekani. Wahadhiri wetu wanatoa alama, nasi tunadhani tumejenga hoja kumbe tumesoma orodha ya wachezaji.

Basi hukumu yangu mimi ni hii. Kikosi hiki ni imara nyuma. Kina roho ya kutokufa, jambo ambalo halinunuliwi. Katikati ni cha wastani. Mbele kina wachezaji wazuri ambao bado hawajawa safu moja, na hata Fiston Mayele, aliyewatesa mabeki wa Tanzania akiwa na Yanga, hakupata bao kule. Kwa hiyo nafasi ya 4 haikuwa bahati, wala haikuwa dhuluma. Ilikuwa kipimo sahihi, na kipimo sahihi ni mwanzo mzuri kwa anayetaka kupanda.

Mwezi wa 6 mwaka 2024 Chui walikwenda Senegal kwa mchujo wa Kombe la Dunia. Najua mjadala utaanza upya, na viti vya madirishani vitajaa kwanza. Naomba tu kila atakayesimama ajibu maswali matatu kabla ya kutaja klabu yoyote ya Ulaya: nani anaingia tukihitaji bao? Nani anasimama Mbemba akiumia? Na hawa kumi na mmoja wamecheza pamoja mara ngapi? Nafasi ya kunipinga iko wazi katika toleo lijalo. Atakayenipinga aje na hesabu, majina ninayo.