Krosi za Datsun 240Z: Hoja Tano Zisizosimama

Mmezisikia hoja hizi mara nyingi, popote wapenzi wa magari ya kale wanapokutana na boneti ikafunguliwa. Datsun 240Z, gari la michezo lililozinduliwa mwaka 1969, lina krosi sita: mbili kwenye propela shafti inayotoka giaboksi hadi kwenye difu, na nne kwenye shafti mbili zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumu ya nyuma. Zikilegea, gari hugonga kila unapoachia klachi, hutetemeka likishika kasi, na mwishowe shafti inaweza kuchomoka. Kuuliza krosi ipi inadumu ni haki ya kila mwenye gari. Ninayoyakataa ni majibu anayopewa. Nitayachukua moja moja, na ninyi wasomaji ndio mahakimu.

Hoja ya kwanza inasema krosi isiyo na chuchu ya grisi ni imara kuliko yenye chuchu, kwa hiyo ifunge kisha uisahau. Nusu ya hoja hii ni kweli. Ili grisi ifike kwenye beringi, msalaba wa krosi lazima utobolewe ndani, na chuma kilichotobolewa hakihimili msokoto sawa na kilicho kizima. Kwa gari la mbio fupi, ambalo dereva wake huachia klachi kwa ghafla injini ikiwa juu, tofauti hiyo ina uzito. Lakini hilo la "kuisahau" limetoka wapi? Krosi nyingi za magari ya barabarani hazifi kwa kuvunjika msalaba. Hufa kwa kukauka. Fungua moja iliyokufa utazame. Ukitoa kikombe cha beringi kinachofunika mguu wa msalaba, unga mwekundu wa kutu unamwagika mkononi, sindano za beringi zimebaki nyembamba na nyingine zimekatika, na kwenye mguu wa msalaba kuna mistari iliyochimbika sambamba kama nafasi za meno ya kitana. Kila mstari ni alama ya sindano iliyopiga palepale bila grisi. Ugonjwa huo hautibiwi kwa msalaba mzito. Unatibiwa kwa grisi safi na sili nzima.

Tena, watetezi wa hoja hii ndio haohao wanaoshauri kuwa krosi zisizo na chuchu zibadilishwe kila baada ya msimu wa mashindano. Kitu kinachobadilishwa kila msimu hakijasahauliwa. Hukumu yangu ni hii: gari la lami linalovutwa kwa nguvu lipewe krosi nzima isiyotobolewa. Gari linalokula vumbi na kuvuka maji lipewe yenye chuchu, na pampu ya grisi isukume mpaka grisi chafu itoke kwenye sili zote nne. Ikitoka kwenye tatu tu, mguu wa nne bado mkavu na kazi haijaisha. Wakati wa kufunga, chuchu ielekezwe upande unaobanwa gari linapovuta kwenda mbele, maana ufa huanzia upande unaovutwa.

Hoja ya pili: chagua krosi kubwa kuliko zote zinazoingia, na anza na propela kwa sababu ndiyo inayozunguka kwa kasi zaidi. Hapa kasi imechanganywa na mzigo. Difu hupunguza mizunguko na kuongeza msokoto, kisha huugawa magurudumu mawili. Kwa difu yenye uwiano wa 3.36, iliyofungwa kwenye 240Z za soko la Marekani, kila shafti ya gurudumu hubeba karibu mara 1.7 ya msokoto unaopita kwenye propela. Kwa difu ya 3.9 ni karibu mara mbili. Zaidi ya hapo, shafti za magurudumu hupanda na kushuka na kila shimo la barabara, na propela haifanyi hivyo, kwa kuwa giaboksi na difu vyote vimefungwa kwenye bodi. Anayeanza na propela ameanza na krosi zenye mzigo mwepesi kuliko zote sita.

Na ukubwa? Krosi kubwa inahitaji uma mkubwa wa kuishika, na uma mkubwa huhitaji nafasi ya kuzunguka pasipo kugusa kitu. Hata nafasi ikipatikana, msokoto haupotei. Unahamia kwenye kiungo kinachofuata. Kwenye gari hili kiungo hicho ni ekseli fupi ya gurudumu. Ya 240Z ina meno 25; Nissan ilipotengeneza 280Z iliweka ekseli nene yenye meno 27. Kufunga krosi ya lori mbele ya ekseli ya meno 25 ni kununua mvunjiko wa bei kubwa zaidi, tena ulio karibu na gurudumu, ambako dereva anaweza kulipoteza gari lenyewe.

Hoja ya tatu inahusu pembe, na hapo ndipo upande wa pili unapojipinga waziwazi. Kwanza wanatuambia shafti ikinyooka kabisa krosi haichoki. Kisha wanatuambia tusihofu kushusha gari kwa springi fupi, kwa kuwa krosi imeumbwa kufanya kazi hata kwenye pembe ya nyuzi 30. Kauli hizi mbili haziwezi kukaa pamoja. Na hata ukizipima kila moja peke yake, zote mbili zina kasoro.

Tuanze na shafti iliyonyooka. Pembe ikiwa sifuri, sindano za beringi hazibingiriki. Zinakaa mahali pamoja zikibeba mzigo uleule, na baada ya muda huchimba ile mistari niliyoieleza. Krosi inahitaji pembe ndogo, nyuzi moja hadi tatu, ili sindano zitembee na kuisambaza grisi.

Sasa pembe kubwa. Krosi iliyopinda haipitishi mzunguko ulio sawa. Katika kila mzunguko mmoja, upande unaoendeshwa huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kwenye nyuzi 10 kasi hupanda na kushuka kwa karibu asilimia 1.5. Kwenye nyuzi 30 hushuka kwa asilimia 13 na kupanda kwa asilimia 15. Krosi ya pili mwishoni mwa shafti hufuta mchezo huo, lakini kwa masharti mawili: pembe za ncha mbili zilingane, na uma mbili zilizo kwenye shafti hiyo zielekee upande mmoja. Shafti ikishafunguliwa na kurudishwa na uma zikipishana, kosa halifutwi bali linaongezeka, na krosi mpya za bei yoyote zitatetemeka. Ndiyo maana fundi makini huchora alama ya chaki kwenye pande zote mbili kabla hajachomoa shafti.

Nissan wenyewe walitoa ushahidi katika shauri hili. Kwenye 240Z za mwanzo difu ilikaa mbele ya mstari wa magurudumu, na shafti zikaenda kwa mshazari. Katikati ya 1971 waliirudisha difu nyuma kwa takriban milimita 35, na mshazari ukapungua. Waliolijua gari hili kuliko mtu yeyote waliishughulikia pembe. Mwenye gari la mwanzo anayetaka krosi zidumu aanzie hapo, tena kabla ya kufikiria springi fupi.

Hoja ya nne ni fupi na jibu lake ni fupi: krosi zimepitwa na wakati, weka jointi za CV. Ni kweli jointi ya CV hupitisha mzunguko ulio sawa, na Nissan waliitumia kwenye shafti za nyuma za 280ZX Turbo. Lakini uhai wake wote umo ndani ya raba buti. Jiwe likiipasua, mchanga unaingia na jointi inakwisha. Pia inahitaji flanji za kuunganishia ambazo 240Z haikuzaliwa nazo. Kwa injini iliyoongezewa nguvu sana ni chaguo zuri. Kwa gari lenye injini yake ya lita 2.4, ni gharama inayotibu ugonjwa ambao gari halina.

Hoja ya tano: krosi ni krosi, zote chuma, tofauti ni boksi tu. Anayesema hivi hajawahi kuhesabu sindano. Chukua mbili za kipimo kimoja, vua vikombe, zungusha kila kimoja kwa kidole kwenye mguu wake. Kizuri huzunguka kwa uzito ulio sawa, bila kukwama na bila kuchezacheza. Tazama midomo ya sili, kisha tazama kama boksi lina klipu za unene tofauti. Klipu hizo zina kazi yake: ndizo zinazoweka msalaba katikati na kuondoa mchezo wa pembeni. Krosi bora kuliko zote iliyofungwa kwa klipu isiyo sahihi itatetemeka.

Na ubora wote huo unaweza kufutwa mezani. Kikombe kinapobanwa kwenye jiliwa, sindano moja ikianguka chini na kulala kikingama, kikombe husimama milimita mbili kabla ya mfereji wa klipu. Fundi mwenye haraka huchukua nyundo. Klipu inaingia kwa nguvu, sindano inapondeka ndani, na mwenye gari anarudi baada ya wiki kadhaa akiilaumu chapa. Kikombe kikigoma, kitolewe, sindano zipangwe upya kwa grisi, na kazi ianze tena.

Imebaki kauli wanayoitoa hoja zote zikiishiwa: 240Z ilishinda East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, kwa hiyo krosi za kiwandani zinatosha bila maneno. Ushindi ule ni wa kweli na unastahili heshima. Lakini yalikuwa magari ya timu ya kiwanda, yenye mafundi na vipuri vilivyowasubiri njiani. Kilichothibitishwa ni kwamba krosi inayohudumiwa huvumilia barabara mbaya. Gari ambalo shafti zake hazijafunguliwa kwa miaka haliwezi kudai ushahidi huo.

Mwenye 240Z asinunue kwanza. Aliingize gari kwenye shimo la gereji likiwa limesimama kwa magurudumu yake, apime pembe za shafti, ashike kila shafti na kuizungusha kwa mkono mbele na nyuma huku akisikiliza. Akimaliza hapo ndipo aende dukani.